Kengele ya Mlango wa Tatu

Kiraka cha tatu kiliingia Jumanne asubuhi kikiwa na shikamoo juu yake.

Kilichofuata kilikuwa Kiingereza safi cha chuo, lakini maneno mawili ya kwanza yalikuwa "Shikamoo mama", mbele ya watu wote wanaosoma orodha ya barua pepe ambako viraka vya programu hutumwa vikaguliwe, kuanzia Wajerumani mpaka Wabrazili, ambao bila shaka walidhani ni jina la programu. Kisha Ziro, aliyekituma, aliwatakia heri wa nyumbani kwa mama huyo, akaomba radhi kwa usumbufu wa mara mbili zilizotangulia, akasema kwamba sasa amewasha mlango wa nne wa siriali, "pamoja na marekebisho madogo madogo". Akashukuru. Akaomba radhi tena.

Adhiambo alisoma akiwa wima, kikombe cha chai mkononi, maana kiti chake kilikuwa kimekaliwa na ubao wa friji ya samaki uliokuwa ukisubiri kulehemiwa.

"Marekebisho madogo madogo," alimwambia Gerishom, mwenye karakana. "Mtu akikwambia nimekupikia wali pamoja na vitu vidogo vidogo, utakula?"

"Inategemea kapika nani," alisema Gerishom bila kuinua kichwa.

"Kapika Ziro wa Gongoni."

"Basi nitakula. Yule kijana ana adabu."

"Adabu haiendeshi pampu."

Kazi yenyewe si ya kusimuliwa harusini. Karakana ya Gerishom, nyuma ya soko la zamani la Malindi, hutengeneza ubao mdogo wa kompyuta, ukubwa wa kiganja, wa kusimamia pampu, matangi na friji za samaki. Ndani ya ubao hukaa kerneli, ile sehemu ya mfumo inayozungumza na vyuma vyenyewe. Lakini kerneli ni kipofu. Haijui ubao una milango mingapi ya siriali, ile ya kupitishia data kwa waya, wala iko wapi, mpaka isomewe faili linaloeleza: mlango wa kwanza wa siriali uko anwani hii, nyaya zake ni hizi, kengele yake ni nambari hii. Data ikifika, mlango hupiga kengele ili kerneli iamke ikapokee. Ukikosea nambari ya kengele, mlango utapiga hodi mpaka uchoke na hakuna atakayeitika.

Faili hilo Adhiambo aliliandika miaka mitano iliyopita, akalituma kwenye kerneli ya wazi ambayo dunia nzima huitumia, na likakubaliwa. Jina lake likawekwa juu. Tangu hapo, yeyote anayetaka kubadili hata nukta moja lazima atume kiraka, yaani kipande cha marekebisho, na kipite kwake. Na mbao zilizofungwa kwenye pampu na friji hazipokei kerneli isiyotiwa muhuri na karakana, na karakana haitii muhuri kitu ambacho Adhiambo hajakipitia. Flashi yenye ufunguo wa muhuri ilikuwa imefungwa pamoja na funguo za nyumba yake, kati ya ufunguo wa stoo na ufunguo wa kufuli ya baiskeli ya binti yake.

Kule Gongoni, kiwanda cha chumvi ambacho Ziro alikuwa fundi wake kilikuwa kimeweka pampu ya nne. Ilikuwa na kazi moja tu: mvua ikinyesha juu ya mabwawa, inyonye maji baridi yanayoelea juu kabla hayajaiyeyusha chumvi iliyolala chini. Kipimo chake huonja maji kila dakika. Yakianza kuwa mazito kwa chumvi, pampu isimame yenyewe, la sivyo itamwaga baharini mali ya miezi miwili. Miaka miwili nyuma walijaribu kwa mkono, mtu akikimbia tuta mpaka tuta na kipimo cha kioo mfukoni, wakapoteza karibu yote. Sasa kipimo kilikuwepo, pampu ilikuwepo, waya ulikuwepo. Kilichokosekana ni mlango wa nne wa siriali uliowashwa, na utabiri ulisema mvua ni Ijumaa.

Kwa hiyo haraka ilikuwapo, na Adhiambo aliijua. Ndiyo maana viraka vya Ziro vilimkera namna ile.

Katika kiraka cha kwanza Ziro aliuita mlango mpya nambari moja, akaisukuma mingine yote hatua moja nyuma. Sababu? Kiwandani pampu huhesabiwa kuanzia baharini, na pampu mpya ndiyo iliyo karibu zaidi na bahari. Walikuwa wameshazipaka rangi upya. Adhiambo akajibu: "Ubao haujui bahari iko upande gani. Vitengeni uko ubao kama huu unaovuta maji ya kisima. Rudisha nambari." Katika kiraka cha pili Ziro akafuta nambari zote kabisa, ili kerneli ijihesabie yenyewe kadiri inavyokutana na milango. Adhiambo akajibu: "Hiyo ni kuwaambia watoto wajipange wenyewe foleni ya kuoga. Rudisha nambari."

Sasa kiraka cha tatu. Nambari zilirudi mahali pake, vizuri. Mlango wa nne uliwashwa, vizuri. Lakini chini yake ulikuwapo mstari mwingine ambao hakuna aliyeuomba. Kengele ya mlango wa tatu, ambayo kwenye faili ilikuwa arubaini na saba, Ziro alikuwa ameigeuza kuwa arubaini na sita. Ile arubaini na saba akaupa mlango wa nne. Bila neno lolote la maelezo, ila yale "marekebisho madogo madogo".

Adhiambo aliweka kikombe chini juu ya ubao wa friji.

Aliandika: "Kiraka kimoja, jambo moja. Usiguse mlango wa tatu. Umekuwa ukifanya kazi miaka mitano bila msaada wako. Nambari za kengele nilizitoa kwenye kitabu cha chipu, sikuziota. Tuma tena."

Akatuma. Gerishom alikuwa amesogea kusoma nyuma ya bega lake, tabia aliyokuwa ameshaonywa mara nyingi.

"Hukumwitikia," alisema.

"Nini?"

"Kakuamkia shikamoo. Hukumwitikia."

"Huu ni ukaguzi, Gerishom. Si matanga."

* * *

Kiraka cha nne kilifika Jumatano kabla ya saa nne asubuhi, na kilikuwa kama alivyoagiza, neno kwa neno. Mlango wa tatu haukuguswa. Mlango wa nne ulipewa kengele nambari arubaini na nane. Adhiambo alipitisha jicho kwenye orodha ya kengele: arubaini na nne, arubaini na tano, arubaini na saba, arubaini na nane. Pengo pale kwenye arubaini na sita lilikuwa pale siku zote. Chipu zina mapengo yake, kama mtoto wa darasa la kwanza, na jicho lake lilikuwa limeshalizoea. Chini kabisa Ziro alikuwa ameambatanisha maandishi ambayo kerneli hutoa ikiamka, yaliyotoka kwenye ubao wa majaribio usiodai muhuri, na kweli, ilihesabu milango minne.

Alikwisha andika nusu ya ule mstari wa kukubali, ule wa "Nimekagua" na jina lake mbele, mkono ukasita.

Ziro alikuwa ameandika kwamba mlango wa nne "umetambuliwa". Hakuandika kwamba unafanya kazi.

Mwanamke aliyelea anaijua tofauti hiyo. Mtoto akikwambia ameingia bafuni, hajakwambia ameoga. Adhiambo alichukua simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ziro, mlango wa nne unafanya kazi?"

"Umetambuliwa, mama. Nimeambatanisha hapo chini..."

"Nimeona. Nauliza kama unafanya kazi."

Upepo wa mabwawani ulivuma ndani ya simu.

"Si haba, mama."

"Si haba ni nini? Kipimo kinasema, ubao unasikia?"

"Kipimo chasema. Ubao, tuseme... bado haujachangamka."

"Haujachangamka. Yaani haufanyi kazi."

"Wewe ndiye wajua zaidi, mama."

"Ziro, mvua ni Ijumaa."

"Najua. Hata leo mawingu yapo."

"Na wewe unanitumia kitu kisichofanya kazi nikitie muhuri."

"Nimefuata ulivyosema, mama," Ziro alisema, na wala hakukuwa na ujeuri ndani yake, hata chembe. Ingekuwa afadhali ungekuwapo.

Adhiambo alikata simu akanyoosha mkono. "Nipe funguo za pikapu."

"Iko gereji mpaka jioni," alisema Gerishom.

"Basi kesho asubuhi. Na nikikuta waya umechomekwa kinyume nitamfundisha adabu nyingine."

* * *

Alhamisi saa moja na nusu alikuwa ameshavuka daraja la Sabaki, na saa tatu alikuwa amesimama Gongoni katikati ya weupe unaoumiza macho. Mabwawa yalikuwa yamejaa chumvi chini, gamba nene kama sakafu ya saruji, na juu yake maji ya kimo cha kidole. Wanawake wenye buti za mpira na reki walikuwa wakiikwangua pembezoni, haraka haraka, bila nyimbo wala soga. Upande wa kusini mbingu ilikuwa na rangi ya sufuria ya zamani.

Aliyewasimamia alikuja kumlaki huku akijifuta mikono kwenye leso. Alijitaja kuwa Kahonzi, kisha akamtazama Adhiambo kuanzia viatu.

"Wewe ndiye yule mama anayekataa?"

"Ndimi."

"Wakataa nini?"

"Makosa."

"Haya," alisema Kahonzi. "Na ile pale, utaikataa pia?" Akaonyesha kusini kwa kidevu.

Adhiambo aliangalia kusini, akaingia kwenye kibanda cha pampu.

Ziro alikuwa ameshafagia. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, baba wa watoto wawili, shati limepigwa pasi, na alimwamkia tena kana kwamba simu ya jana haikuwapo. Alikuwa amemwekea kiti, chai ya chupa na mahamri yaliyofunikwa kwa kawa. Adhiambo alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akatoa vifaa vyake.

Kwanza aliupima waya. Ulikuwa mzima, umechomekwa sawasawa. Akaunganisha kipimo na kompyuta yake mwenyewe. Kipimo kilisema vizuri, nambari moja kila dakika. Akakirudisha kwenye ubao wa majaribio, mlango wa nne. Kimya. Akabadilisha waya. Kimya. Akazima, akawasha.

"Hebu nione inasema nini yenyewe," alisema, akachomeka kompyuta kwenye mlango wa tatu, ule ambao kerneli hutolea maelezo yake. Maandishi yakaanza kuteremka kwenye kioo kama kawaida, mstari juu ya mstari. Alipotaka kuiuliza ni kengele zipi zimelia, akaandika amri yake, akabonyeza.

Hakuna.

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama watu wafanyavyo.

"Huo hausikii," Ziro alisema kwa upole.

"Hausikii vipi?"

"Huo wa tatu. Kusema wasema, kusikia hausikii. Sisi tukitaka kuandika twapitia kwenye mtandao."

"Tangu lini?"

"Tangu n'lipoajiriwa. Na mbao zote ziko hivyo. Wa Vitengeni uko hivyo, wa friji za samaki pia. Fundi mmoja wa kwenu alituambia ni nyaya za bei rahisi."

Adhiambo alibaki na vidole juu ya vitufe. Hata yeye kule karakana hupitia kwenye mtandao. Mlango wa tatu hutumiwa kusoma tu, na katika miaka mitano hakuna aliyewahi kulalamika, maana nani ataandika kwenye mlango wa kusomea? Lakini alijua vizuri kabisa, kama anavyojua jina la mama yake, kwamba kerneli haihitaji kengele ili itoe maelezo yake. Ikitaka kusema hujiendea yenyewe mpaka mlangoni. Kengele inahitajika kwa kusikia.

Mlango unaosema na hausikii ni mlango wenye kengele isiyo yake.

"Lete kitabu cha chipu," alisema.

Hakikuhitaji kutafutwa. Ziro alivuta chini ya meza karatasi mbili ndani ya mfuko wa plastiki, zimechapishwa, zimenyooshwa, akazishika kwa mikono miwili kama anayekabidhi posa. Lilikuwa lile jedwali la kengele, na lilikuwa limekatika katikati: mstari wa arubaini na sita ulikuwa wa mwisho chini ya ukurasa wa kwanza, peke yake, mdogo, na arubaini na saba ulikuwa wa kwanza juu ya ukurasa uliofuata. Mlango wa tatu, arubaini na sita. Mlango wa nne, arubaini na saba. Arubaini na nane haikuwa ya mlango wowote.

Kando ya arubaini na sita palikuwa na alama ya kuuliza, ndogo kama mguu wa mbu, kwa penseli. Hata kalamu ya wino hakuthubutu.

Adhiambo aliikumbuka siku ile aliyoliandika faili. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu mapajani, na alifunua ukurasa kwa mkono wa kushoto. Haikuwa udhuru. Wanawake wanapika pilau la watu mia wakiwa na mtoto mgongoni na hawatii sukari badala ya chumvi.

"Uliliona hili lini?" aliuliza.

"Wiki iliyopita, mama."

"Kwa hiyo kiraka cha tatu kilikuwa sahihi."

Ziro alitazama mahamri. "Kilikuwa karibu na usahihi."

"Ziro."

"Kilikuwa sahihi."

"Na ulipoona nimekikataa hukusema kitu."

"Ulisema nisiuguse wa tatu."

"Nilisema hivyo kwa sababu sikujua. Wewe ulijua. Kwa nini hukuandika, kengele hii ina makosa, tazama ukurasa fulani? Maneno saba."

"Ningekwambiaje, mama?" alisema Ziro, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo. "Jina lako ndilo lililo juu ya faili. Watu mia ngapi wasoma ile orodha. Nisimame mbele yao niseme mama kakosa? Nililitia ndani polepole, nikasema ukilipitisha litapita, na hakuna mtu atakayejua."

"Na hiyo arubaini na nane? Ulijua si yake."

"Nilidhani ukiiona arubaini na nane utashangaa, ufungue kitabu mwenyewe."

Adhiambo aliziweka karatasi mezani. "Ulinitegea fumbo," alisema. "Kwenye kiraka. Cha kerneli."

"Si fumbo, mama. Ni kama... dokezo."

"Mvua iko pale nje, chumvi ya miezi miwili iko chini, na wewe unanidokezea."

Mlangoni, Kahonzi, ambaye hakuna aliyemwona akifika, alicheka kwa puani. "Huyu ni wetu huyu," alisema. "Kwao nyumba ikishika moto wamwambia mgeni kumeingia joto kidogo."

* * *

Dawa ilikuwa nambari mbili. Adhiambo angeweza kuziandika kwa dakika moja, na vidole vilimwasha. Lakini sheria ya kazi ile, ambayo yeye mwenyewe aliisimamia kwa ukali kuliko mtu yeyote pwani nzima, inasema mwandishi hakagui kilicho chake. Akiandika yeye, ni nani wa kukikagua? Gerishom alijua biashara na kulehemu, kerneli hakuijua.

"Andika wewe," alisema. "Viraka viwili. Cha kwanza kinarekebisha mlango wa tatu. Cha pili kinawasha wa nne. Na hicho cha kwanza lazima kitaje kosa: nini kilikosewa, nani alikiingiza, lini. Kisipotaja, hakipelekwi kwenye kerneli za zamani, na mbao zote za huku zina kerneli za zamani. Umeelewa?"

"Naelewa."

Ziro alivuta kompyuta. Nje, sauti za reki ziliongezeka kasi. Baada ya dakika kumi aligeuza kioo. Adhiambo alisoma: "Huenda ikafaa kuitazama upya nambari ya kengele ya mlango wa tatu kwa ajili ya uboreshaji."

"Hapana."

"Kosa liko wapi, mama?"

"Ndilo ninalouliza. Kosa liko wapi? Silioni humu. Andika tena."

Toleo la pili lilisema kwamba jedwali la kitabu limepangwa kwa namna inayoweza kumchanganya hata mtaalamu mwenye uzoefu mkubwa.

"Nani kakuuliza habari za kitabu? Andika tena."

Toleo la tatu lilikuwa na kosa, lakini lilikuwa limejitokea lenyewe, halina mtu wala siku. Tone la kwanza liligonga bati. Kisha la pili. Mvua haikuwa imesoma utabiri. Ilikuwa Alhamisi, saa saba kasoro.

Kahonzi alitia kichwa ndani, leso imelowa mabegani. Alikuwa amekwisha kupiga kelele kule nje na hakuwa na nyingine ya kumpa Ziro, kwa hiyo alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, mambo haya mimi siyajui. Lakini huyu mama kaja mwenyewe mpaka hapa umtukane. Mtukane basi, watu wakafanye kazi."

Ziro alifuta. Akakaa wima. Akaandika kwa vidole viwili, polepole, kama anayetoa mwiba:

"Kengele ya mlango wa tatu ni arubaini na sita. Adhiambo aliandika arubaini na saba alipoingiza faili hili. Ni makosa. Kwa sababu hiyo mlango wa tatu haujapata kusikia tangu siku ya kwanza, na mlango wa nne hauwezi kuwashwa."

Hakugeuza kioo. Alikisogeza tu upande wake, akatazama ukuta.

Adhiambo alisoma mara mbili. Halikuwa jambo tamu, kuona jina lake limekaa pale karibu na neno lile. Akaikagua ile sita, kisha ile saba, safari hii kidole kikiwa juu ya karatasi, ukurasa wa kwanza na ukurasa wa pili. Akahakikisha hakuna mstari wa tatu uliojificha.

"Tuma," alisema.

Ziro alituma. Adhiambo alijibu papo hapo, kwenye orodha ile ile, mbele ya Wajerumani na Wabrazili. Juu kabisa aliandika "Marahaba." Chini yake: "Kosa ni langu. Kiraka cha tatu kilikuwa sahihi na nilikikataa bila kufungua kitabu. Nimekagua hivi viwili, nimekubali." Kisha akatoa funguo za nyumba, akachomeka flashi, akatia muhuri, akahamishia nyaya kwenye ubao wa pampu.

Ubao ulichukua dakika mbili kuamka. Maandishi yaliteremka. Adhiambo aliandika herufi moja kwenye mlango wa tatu, ule kiziwi, na herufi ikarudi kwenye kioo. Mlango wa nne ukatoa nambari ya kwanza ya kipimo, kisha ya pili. Nyuma ya ukuta pampu ilikohoa, ikakohoa tena, ikaanza kuvuta.

Walitoka kwenda kutazama, maana hakuna kati yao aliyeiamini. Mvua ilikuwa imeshakuwa ya kweli. Kahonzi alikuwa amesimama penye mdomo wa bomba unaotazama bahari, kiganja amekikinga. Alionja, akatema.

"Maji," alisema. "Hayana kitu."

Alionja kila baada ya muda, uso umekunjika, mtu asiyetaka kufurahi mapema. Bwawa la mwisho upande wa kusini lilikuwa limekwisha kupokea mvua ya kutosha kabla pampu haijaanza, na gamba lake lilikuwa limevunjika na kugeuka uji. Lile lilikwenda, na Kahonzi alisema hivyo waziwazi, na hakumtazama Ziro aliposema. Mengine sita yalibaki. Baada ya robo saa alionja, akasita, akaonja tena.

"Yaanza kuwa ya chumvi," alisema, na kabla hajamaliza, pampu ikasimama yenyewe.

Hakuna aliyeshangilia. Wanawake walirudi kwenye reki. Adhiambo na Ziro walirudi kibandani wakiwa wamelowa chapachapa, na safari hii Adhiambo alikaa kwenye kiti, akafunua kawa, akala hamri moja, akala la pili. Lilikuwa zuri. Hilo nalo lilimkera kidogo.

"Ziro."

"Naam, mama."

"Kuna kitu kingine umekiona kwenye faili langu ukanyamaza?"

Ziro alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Si kitu cha kusema ni kitu, mama," alisema.

Adhiambo alilitua hamri la tatu alilokuwa amelishika. Akavuta zile karatasi za jedwali, akatafuta kalamu kwenye mkoba wake, kalamu ya wino, akaiweka mbele ya Ziro.

"Makosa mangapi?"

Ziro alihesabu kimoyomoyo. Midomo ilionekana ikitembea.

"Manne," alisema. "Lakini moja ni dogo."

"Anza na lile kubwa."